Sidney Poitier: Ni sinema gani inayostahili kiti cha mbele?

Msomaji, ebu nikuulize. Ukiwakusanya watu wa nyumba moja, babu, wana na wajukuu, kisha uwaambie wazipange sinema za Sidney Poitier kutoka ya mkiani hadi ya kwanza, unadhani watamaliza kabla ya chai kupoa? Sisi tulijaribu Desemba iliyopita kule kwetu Nyamira, si mbali na soko la Kebirigo, na nusura watu walale bila kusemezana.

Chanzo kilikuwa mvua. Anayeijua Kisii na Nyamira anajua kwamba jua la asubuhi la huko haliaminiki. Ikifika alasiri, mawingu hupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria na kazi za nje zikakoma. Watoto waliokuja likizo kutoka Nairobi wakafungua kompyuta ya mmoja wao, wakakutana na sinema ya zamani isiyo na rangi, na mmoja akauliza, "Huyu mzee ni nani?"

Tata akaweka kikombe chini. (Kwa Ekegusii, tata ni baba. Neno "baba" kwetu ni la mama, na hilo limewachanganya wageni wengi.) "Huyo si mzee," akasema. "Huyo ni stelingi."

Vijana wa leo huenda hawalijui neno hilo vizuri. Sisi tulilijulia sokoni. Gari la sinema lilipokuja Keroka au Nyamira, kitambaa cheupe kilitundikwa, matangazo ya sabuni yakatangulia, kisha picha yenyewe ikaanza huku watoto tumekaa chini kwenye nyasi zenye umande. Stelingi alikuwa yule anayepigwa mwanzoni na kulipiza mwishoni, na ambaye hafi hata apigwe risasi ngapi. Mara nyingi alikuwa Mzungu mwenye farasi na bastola. Mtu mweusi, kama alikuwemo, alikuwa amebeba mzigo kichwani. Ndiyo sababu watu wa rika la Tata hawakumsahau Poitier. Huyu alikuwa mweusi, alivaa suti, na mizigo walibeba wengine.

Alizaliwa Miami, Marekani, tarehe 20 Februari 1927, kabla ya siku zake kutimia. Wazazi wake, wakulima wa nyanya kutoka visiwa vya Bahamas, walikuwa wamekwenda huko kuuza mazao. Akakulia Cat Island, mahali pasipokuwa na umeme, na shule aliionja tu. Alipofika New York, akiwa na miaka 16, kazi aliyoipata ilikuwa ya kuosha vyombo mikahawani. Siku aliyojaribu bahati yake katika kikundi cha maigizo cha American Negro Theatre alifukuzwa, kwa kuwa alisoma kwa kukwamakwama na matamshi yake yalikuwa ya visiwani. Akanunua redio akawa anawafuatiza watangazaji neno kwa neno. Mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi akamfundisha kusoma kwa kutumia gazeti, usiku baada ya kazi. Mtoto wetu ambaye amewahi kuchekwa Nairobi kwa sababu ya matamshi yake ya Kikisii hahitaji kuelezwa zaidi.

Tena kuna jambo linalomgusa kila mwanafunzi anayesoma ukurasa huu. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli ya kuwapeleka vijana wetu katika vyuo vya Marekani, Poitier alitia sahihi barua ya kuomba michango pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Kufikia mwaka 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamefaidika. Miaka 50 baada ya ndege hiyo ya kwanza, yaani 2009, Poitier alivishwa Nishani ya Rais ya Uhuru na Barack Obama, ambaye baba yake ni mmoja wa Wakenya waliokwenda kusoma Marekani mwaka huohuo wa 1959.

Basi, kupanga. Kila mtu pale sebuleni alikuwa na kipimo chake. Watoto walitaka mapigano. Shemeji alitaka mapenzi. Mimi kipimo changu ni kimoja: je, katika sinema hii Poitier aliruhusiwa kuwa mtu kamili, mwenye hasira, makosa na nyumba ya kurudi, au alifanywa malaika ili watazamaji Wazungu wasiogope? Swali hilo si langu peke yangu. Mwaka 1967, jina lake lilipokuwa juu kabisa, mwandishi mweusi Clifford Mason alimshambulia katika gazeti la New York Times, akiuliza ni kwa nini Wazungu wa Marekani walimpenda hivyo. Poitier aliumia. Lakini ukizitazama sinema hizi moja baada ya nyingine, utaona Mason hakuwa anapiga kelele za bure.

Za mkiani

Ya mwisho kwangu ni ile ambayo Mkenya angetarajia niiweke mbele. "Something of Value" ya mwaka 1957 ilipigwa humu nchini wakati vita vya Mau Mau bado vinaendelea. Dedan Kimathi alinyongwa Februari mwaka huohuo. Poitier ni Kimani, kijana Mkikuyu aliyelelewa pamoja na mtoto wa setla, ambaye ni Rock Hudson. Wanatengana baada ya Kimani kupigwa kofi na Mzungu, naye anaishia msituni. Poitier anaigiza kwa moyo wote, na kile kimya chake baada ya kofi kinatisha. Lakini hadithi imetoka katika kitabu cha Mmarekani Robert Ruark na inatazama vita kutoka dirishani mwa setla. Kiapo kinaonyeshwa kama uchawi. Habari ya ardhi inapitwa mbio, kana kwamba watu waliingia msituni kwa ajili ya kofi moja! Tata, ambaye hakubaliani nami katika mengi, alikubali hapa.

Juu yake kidogo ninaiweka "Guess Who's Coming to Dinner", na najua nitapata barua. Ni sinema tamu. Spencer Tracy na Katharine Hepburn ni wazazi Wazungu ambao binti yao analeta nyumbani mchumba mweusi. Tracy alifariki Juni 1967, siku 17 tu baada ya kumaliza kazi hiyo. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria zilizokataza weusi na weupe kuoana, na sinema ikatoka Desemba. Wakati ulikuwa wake. Wazee wa kwetu nao wangempenda huyo mchumba, maana anakataa kuoa bila idhini ya wazazi wa msichana. Lakini hebu mtazame: ni daktari bingwa, anajulikana duniani kote, mpole, hana doa. Mkwe wa namna hiyo nani amkatae? Kijana wa Kisii anayeleta mchumba kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sotik, na hana hata kazi, huyo ndiye mwenye kisa. Sehemu moja tu iliwanyamazisha watu sebuleni, pale Poitier anapobishana na baba yake mzazi, tarishi mstaafu, na kumwambia kwamba hana haki ya kummiliki. Tata alikohoa. Wajukuu wakatazama sakafu.

Za katikati

Nitapita haraka hapa. "The Wilby Conspiracy" ya 1975 inasimulia mpigania uhuru na Mwingereza mmoja wakikimbizwa na polisi wa makaburu, na Kenya ndiyo iliyovaa sura ya Afrika Kusini. Ni mbio na vishindo, haina zaidi, lakini kuna raha ya kutambua mandhari yetu. Mwenzake ni Michael Caine. Mwaka 1997 wawili hao walikutana tena, Poitier akiwa Mandela na Caine akiwa de Klerk. Afrika Kusini yenyewe alikuwa ameifahamu mapema: alipokwenda kupiga "Cry, the Beloved Country" iliyotoka mwaka 1951, sheria za huko zililazimu yeye na mwenzake Canada Lee waandikishwe kama vibarua wa mwelekezaji wao Mzungu. Mwigizaji anakwenda kucheza kasisi, na kwenye karatasi ni kibarua.

"The Defiant Ones" ya 1958 ingepanda juu zaidi kama si mwisho wake. Wafungwa wawili, Poitier na Tony Curtis, wametoroka wakiwa wamefungwa mnyororo mmoja, na wanachukiana kwa rangi zao. Mwishoni mweusi amekwisha kudandia garimoshi, uhuru uko mkononi, lakini anaruka chini kwa sababu yule mweupe ameshindwa kulifikia. Mwandishi James Baldwin alisimulia kwamba Wazungu waliridhika na mwisho huo, ilhali watazamaji weusi wa Harlem walimpigia Poitier kelele arudi ndani ya garimoshi. Nami nakumbuka nikiitazama katika banda la video mjini Kisii, nikiwa shule ya upili. Watu wasiojua Harlem ni nini walimpigia kelele zilezile kwa Ekegusii, na mmoja akadai arudishiwe pesa zake.

"Lilies of the Field" ndiyo iliyompa tuzo ya Oscar, Aprili 1964, akiwa mwanamume mweusi wa kwanza kupata tuzo ya mwigizaji bora. Fundi anayesafiri anasimamisha gari jangwani kuomba maji, na watawa waliotoka Ujerumani wanamtia kazini kuwajengea kanisa bila malipo. Ilipigwa kwa takriban majuma mawili tu, kwa pesa kidogo. Wenyeji wa Nyabururu na Nyanchwa, wawe Wakatoliki au Wasabato, wanajua hadithi za kanisa lililojengwa hivyo, huyu analeta mawe, yule mchanga, na fundi analipwa uji. Watoto wadogo waanzie hapa. Hakuna anayeuawa, na wimbo wake utaimbwa nyumbani wiki nzima.

Mwalimu na mpelelezi

Sasa tumefika palipochemka. Kwa Tata, nambari moja ni "To Sir, with Love" ya 1967 na hakuna mjadala. Aliitazama Nairobi mwaka 1969 alipokuwa kwenye mafunzo ya ualimu, akarudi kufundisha Nyamira hadi alipostaafu. Poitier ni Thackeray, mhandisi kutoka British Guiana aliyekosa kazi London, akashika chaki wakati akingoja. Wanafunzi wake ni watoto wa mtaa maskini, wakorofi, na karibu wanamaliza shule. Anavitupa vitabu kwenye pipa la taka, anaanza kuwaita mabinti kwa heshima na kuwafundisha namna ya kuishi. Barua ya uhandisi inapokuja hatimaye, anaichana.

Nani katika Kisii na Nyamira hajafundishwa na mtu aliyekuwa akingoja barua? Miaka ya 1970 na 1980 shule zetu zilijaa wale walimu tuliowaita UT, vijana waliomaliza kidato cha sita wakingoja chuo kikuu. Wengi walipoipata barua waliondoka siku hiyohiyo, na hatukuwalaumu. Wachache walibaki. Tata anasema sinema hiyo ni yao. Mimi ninaiweka ya tatu. Napenda kwamba huyu Poitier hukasirika waziwazi mbele ya darasa, na kwamba mwaka 1955 yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi mkorofi katika "Blackboard Jungle". Lakini jioni mwalimu huyu huenda wapi? Hana ndugu, hana deni, hana mtu wa kumpikia wala wa kugombana naye. Niliposema hivyo Tata aliniuliza kama ninaonekana kuwa mwalimu. Nikanyamaza.

Ya pili ni "In the Heat of the Night", ya mwaka uleule wa 1967. (Mwaka mmoja, sinema tatu kubwa, na hakuna hata moja iliyomfanya apendekezwe kuwania Oscar! Rod Steiger, aliyecheza mkuu wa polisi, ndiye aliyeondoka na tuzo, na sinema yenyewe ikatajwa bora ya mwaka.) Virgil Tibbs, mpelelezi kutoka Philadelphia, anakamatwa kwenye kituo cha garimoshi katika mji mdogo wa Mississippi kwa kosa la kuwa mweusi mwenye pesa mfukoni usiku. Kumbe yeye ndiye peke yake anayeweza kuwatatulia kesi yao ya mauaji. Wanapokwenda kumhoji tajiri wa mashamba ya pamba, tajiri anampiga kofi. Tibbs anamrudishia papo hapo.

Msomaji, watoto waliruka kwenye viti! Waliirudisha nyuma sehemu hiyo mara nne. Miaka kumi kabla, Kimani alipigwa kofi akanyamaza, na hapa deni limelipwa. Njiani kwenda kwa tajiri huyo, Tibbs anapita kwa gari akiwatazama vibarua weusi wameinama kwenye pamba, na yeye hasemi lolote. Mtu aliyelelewa kwa kuchuma chai hawezi kuipita sehemu hiyo bila kuhisi mgongo. Tena ujue kwamba sinema hiyo karibu yote ilipigwa Sparta, jimbo la Illinois, kwa kuwa Poitier hakutaka kukanyaga Kusini. Mwaka 1964 yeye na Belafonte walikuwa wamepeleka pesa za wapigania haki mjini Greenwood, Mississippi, wakafukuzwa barabarani usiku na magari ya Ku Klux Klan.

Pesa za marehemu

Ya kwanza kwangu ndiyo ile isiyo na rangi ambayo watoto waliifungua siku ile ya mvua. "A Raisin in the Sun" ilianza kama mchezo wa jukwaani ulioandikwa na dada mmoja kijana, Lorraine Hansberry, ukaanza kuonyeshwa Broadway, New York, Machi 1959. Sinema ilifuata mwaka 1961 na karibu waigizaji walewale. Katika mchezo huo Walter Lee, ambaye ni Poitier, anapolewa anamsifu Jomo Kenyatta kama jamaa yake, wakati ambapo Kenyatta bado yumo mikononi mwa wakoloni huku Kenya.

Kisa ni hiki. Watu watano wamebanana katika nyumba ndogo Chicago, mtoto analala kwenye kochi. Baba wa nyumba amekufa, na hundi ya bima yake ya dola 10,000 inangojewa. Mama anataka nyumba yenye bustani. Binti anataka karo ya udaktari. Walter, ambaye ni dereva wa tajiri, anataka kufungua duka la pombe na rafiki zake.

Je, umewahi kukaa katika boma la Nyamira wiki ambayo bonasi ya chai inalipwa? Kila mtu ana hesabu yake. Huyu karo, yule mabati, mwingine ng'ombe wa gredi, na kijana wa mwisho pikipiki. Mashamba yamegawanywa hadi mengine hayafiki nusu ekari, kwa hiyo hizo pesa ndizo urithi wenyewe. Huhitaji kuelezwa Chicago iko wapi.

Mama anatoa sehemu ya pesa kulipia nyumba, iliyobaki anamkabidhi Walter, akimwagiza aweke benki fungu la dada yake. Walter anampa rafiki yake zote. Rafiki anatoweka. Poitier hapa si malaika. Ameanguka sakafuni analia, anampigia kelele marehemu na yule rafiki, uso wote umelowa. Stelingi ameaibika mbele ya mama yake, mke wake na mtoto wake, na aliyemwibia hayupo wa kupigwa kofi.

Hapo Tata aliinuka akatoka nje barazani, mvua ikinyesha.

Dada yangu mkubwa alisema polepole, "Ni ile ya 1986." Watoto hawakujua, na mimi nilijua nusu tu. Mwaka huo Tata alichukua bonasi pamoja na mkopo, akampa rafiki yake wanunue matatu kwa ubia. Matatu haikuonekana, rafiki naye hakuonekana. Dada alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza. Alikaa nyumbani mwaka mzima akichuma chai, na Tata hakuwahi kulitaja jambo hilo, ila kila Januari baadaye alimpeleka shuleni yeye mwenyewe, kwa miguu, akiwa amelibeba sanduku.

Tulisimamisha sinema. Dada akatoka akamwita, "Tata, njoo, bado haijaisha." Alirudi akakaa. Akaona jinsi mwakilishi wa Wazungu wa mtaa ule mpya anavyokuja na pesa ili familia isihamie kwao, jinsi Walter alivyokuwa amekwisha kuamua kuzipokea, na jinsi anavyozikataa mtoto wake akiwa amesimama mbele yake. Tata hakusema kitu. Aliomba chai nyingine, na dada akammiminia.

Poitier alifariki tarehe 6 Januari 2022 akiwa na miaka 94. Aliwahi kuwa balozi wa Bahamas nchini Japani, na mwaka 2002 alipewa Oscar ya heshima usiku uleule Denzel Washington alipopata ya kwake ya mwigizaji bora. Wajukuu walitaka kujua kama Denzel anampita. Huo ni ugomvi wa Desemba nyingine.

Kura zilipigwa kabla ya chakula cha jioni. "In the Heat of the Night" ilipata tano, zote za watoto. "A Raisin in the Sun" ilipata tatu, yangu, ya dada na ya shemeji, ambaye hatujui aliyaona wapi mapenzi. "To Sir, with Love" ilipata moja. Tata alisema darasa lolote lenye kelele namna ile haliwezi kusahihisha mtihani, na kwamba kura irudiwe kesho. Kisha akamuuliza mjukuu wake mkubwa kama hiyo ya Chicago inaweza kuanzishwa tena kutoka mwanzo, maana sehemu ya kati hakuiona vizuri.